Mtoto wa Mlimani, Mtoto wa Bondeni: Namna Matabibu Walivyofundishwa Kuuliza

Uwanda wa juu wa Ufipa, ulioinuka kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki, una sifa moja ambayo kwa tabibu ina uzito kuliko ubaridi wa asubuhi zake na upana wa mbuga zake, nayo ni kwamba mwinuko wake hukatika ghafla. Mji wa Sumbawanga uko mita 1,700 na zaidi juu ya usawa wa bahari, ilhali Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi na Ziwa Rukwa kwenye mita 800 hivi, kwa hiyo anayeshuka ukingo wa Lyamba lya Mfipa kuelekea Muze na Mtowisa, au anayeteremkia Kasanga na Kirando, hutoka kwa muda wa saa chache katika nchi ya baridi, mahindi na maharage na kuingia katika nchi ya joto, mpunga, samaki na mbu. Watoto wawili wenye umri wa miezi 18, mmoja wa vijiji vya karibu na msitu wa Mbizi na mwingine wa bondeni, wakifikishwa katika hospitali moja mjini Sumbawanga wakiwa na kiwango kilekile cha upungufu wa damu, kwenye karatasi huonekana kama mgonjwa mmoja aliyeandikwa mara mbili. Iwapo kweli ni mgonjwa mmoja, na namna tabibu anavyopaswa kulipanga swali hilo kabla ya kuandika dawa, ni mambo yenye historia yake. Nayo historia hiyo ilianzia katika vyuo na maktaba za Amerika ya Kaskazini, lakini baadhi ya mitihani yake migumu kabisa imefanyikia Pemba, Muheza, Kilifi na Mbale.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba daktari aliyehitimu vizuri hana maswali mengi, na kwamba machache aliyo nayo huyapatia majibu vitabuni. Dhana hiyo ilitikiswa mwaka 1985, pale Covell na wenzake walipochapisha utafiti uliowafuatilia madaktari 47 wa eneo la Los Angeles wakiwa kazini. Madaktari hao walipoulizwa kwa jumla walisema kwamba huhitaji maarifa mapya mara moja tu kwa juma. Walipofuatwa mgonjwa baada ya mgonjwa, ilionekana kwamba kila wagonjwa watatu huzalisha takriban maswali mawili, na kwamba ni asilimia 30 tu ya maswali hayo iliyopata jibu wakati mgonjwa yupo, mara nyingi kutoka kwa daktari mwenzake. Vitabu vilikuwa vimepitwa na wakati, majarida yalikuwa mengi kupita kiasi, na swali lenyewe, hapa ndipo penye kiini cha habari hii, lilikuwa limekaa kichwani mwa daktari likiwa ghafi, bila umbo linaloweza kupelekwa maktaba likarudi na jibu.

Katika Chuo Kikuu cha McMaster, mjini Hamilton nchini Kanada, David Sackett na wenzake walikuwa wamekwisha kuanza kuwafundisha madaktari namna ya kusoma utafiti kwa jicho la kukosoa, na mwaka 1981 walichapisha mfululizo wa makala kuhusu jambo hilo katika jarida la chama cha madaktari wa Kanada. Mmoja wa waliorithi kazi hiyo, Gordon Guyatt, ndiye aliyeipa jina mwaka 1991, na mwaka uliofuata kundi lake likalitangaza jina hilo kwa ulimwengu kupitia jarida la JAMA: tiba inayozingatia ushahidi, yaani utaratibu unaomtaka tabibu asitegemee mazoea wala ukubwa wa cheo cha aliyemfundisha, bali aoanishe uzoefu wake na matokeo ya tafiti bora zilizopo pamoja na matakwa ya mgonjwa. Ilidhihirika upesi, hata hivyo, kwamba wanafunzi waliojua kuukosoa utafiti hawakujua kuutafuta, kwa sababu hawakujua wanachouliza.

Umbo la swali lilipatikana mwaka 1995, katika tahariri fupi ya jarida la ACP Journal Club iliyoandikwa na Scott Richardson, Mark Wilson, Jim Nishikawa na Robert Hayward. Waandishi hao walisema kwamba swali la kitabibu lililoundwa vyema lina viungo vyake kama mwili ulivyo na viungo, na wakavitaja: mgonjwa au tatizo linalohusika; afua, yaani kile kinachofanywa au kile mgonjwa alichokumbana nacho; kitu cha kulinganisha nacho, pale inapohitajika; na tokeo linalotarajiwa au kuogopwa. Kutokana na herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yanayotaja viungo hivyo, mfumo huo ukaja kujulikana kama PICO, na leo ni vigumu kumkuta mwanafunzi wa udaktari, wa uuguzi au wa famasia ambaye hajakutana nao. Kiswahili, ikiwa kingefuata mtindo uleule kwa maneno mgonjwa, afua, ulinganisho na tokeo, kingezaa kifupisho MAUT, jina ambalo pengine hakuna chuo cha tiba ambacho kingekubali kulibandika ukutani.

Richardson na wenzake walitenganisha pia aina mbili za maswali, na utengano huo ni wa manufaa kuliko unavyopewa sifa. Maswali ya usuli huuliza jambo kwa ujumla, kwa mfano malaria husababishwa na nini, na jibu lake limo katika kitabu chochote cha kiada. Maswali mahususi huuliza kuhusu uamuzi unaosubiri kufanywa kwa mgonjwa wa namna fulani, na hayo ndiyo yanayohitaji herufi nne. Mwanafunzi huanza na mengi ya kundi la kwanza na machache ya kundi la pili, na jinsi anavyokomaa uwiano huo hugeuka, ingawa hata bingwa wa miaka 30 hurudi kuwa mwanafunzi siku anapokutana na ugonjwa asioujua.

Herufi ya kwanza, ile ya mgonjwa, huonekana nyepesi kuliko zote, na huenda ndiyo sababu hujazwa kwa haraka. Hapo ndipo Pemba inapoingia. Tangu mwaka 1998 mashirika ya kimataifa yalikuwa yakipendekeza kwamba katika nchi ambazo upungufu wa damu umeenea sana, watoto wadogo wote wapewe madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki kama kinga, bila kuwapima kwanza mmoja mmoja. Pendekezo hilo lilikuwa na mantiki: chuma huhitajika kutengeneza damu, damu ya watoto ni pungufu, basi wapewe chuma. Sunil Sazawal na wenzake walilipeleka kwenye jaribio kisiwani Pemba, ambako watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miezi 35 waligawiwa kwa kura, wengine wakipewa chuma na foliki na wengine vidonge vinavyofanana navyo visivyo na dawa hizo. Kugawa kwa kura ndiko kunakoondoa upendeleo, kwa maana hakuna mtafiti wala mzazi anayechagua nani aingie upande gani, na hivyo tofauti itakayojitokeza mwishoni haiwezi kusingiziwa hali ya familia.

Mwezi Agosti mwaka 2003 sehemu ya jaribio iliyohusu chuma ilisimamishwa kabla ya wakati wake. Matokeo yaliyochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2006, yakihusu watoto 24,076, yalionyesha kwamba waliopewa chuma na foliki walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 12, wa kupata ugonjwa mkali uliowalaza hospitali au kuwaua. Toleo hilohilo la jarida lilikuwa na jaribio jingine, lililofanywa kwa vidonge vya aina hiyohiyo katika wilaya ya Sarlahi kusini mwa Nepal, nalo halikuona madhara hayo. Afua ilikuwa moja, ulinganisho ulikuwa mmoja, matokeo yaliyopimwa yalikaribiana. Kilichotofautiana zaidi ni herufi ya kwanza: mtoto wa Pemba wa miaka ile aliishi katikati ya malaria kali, na mtoto wa Sarlahi hakuwa hivyo. Tena ndani ya Pemba yenyewe, kundi dogo la watoto waliopimwa damu mwanzoni lilionyesha kwamba wale waliokuwa na upungufu halisi wa chuma walinufaika, ilhali madhara yaliwaangukia zaidi wale ambao chuma chao kilikuwa kinatosha. Tangu hapo miongozo ya Shirika la Afya Duniani imebadilika, ikitaka utoaji wa chuma kwa watoto katika maeneo ya malaria uende sambamba na kinga, vipimo na tiba ya malaria, na mapitio ya kimfumo ya Cochrane, yaani kazi inayokusanya majaribio yote ya swali moja na kuyapima pamoja, yakathibitisha kwamba pale huduma hizo zilipo hatari hiyo haionekani.

Ufipa, kwa mtazamo huo, imebeba Pemba na Sarlahi ndani ya mkoa mmoja. Juu ya uwanda, ubaridi hupunguza mbu na hurefusha muda ambao vimelea vya malaria huhitaji ili kukomaa ndani ya mbu huyo, kiasi kwamba wengi wa mbu hufa kabla hawajaweza kuambukiza. Chini, kwenye mwambao wa Tanganyika na katika bonde la Rukwa, kazi hiyo hukamilika upesi zaidi. Nchi hii, ambayo mafundi wake walisifika kwa kuyeyusha mawe ya chuma katika tanuru ndefu za udongo zilizoitwa malungu, ina watoto ambao chuma hichohicho, kikiwa ndani ya kidonge, kinahitaji hadhari tofauti kwa kutegemea ni upande gani wa ukingo nyumba yao ilipo. Mwongozo wa taifa huandikwa kwa ajili ya nchi nzima, na lazima iwe hivyo. Lakini P, ile herufi ya mgonjwa, katika mwongozo wa taifa ni mtoto wa wastani wa Tanzania, kiumbe ambaye bado hajawahi kuletwa katika zahanati yoyote.

Herufi ya tatu, ya ulinganisho, ndiyo iliyokosekana kwa muda mrefu zaidi katika tiba ya kanda hii, na si kwa sababu ya uzembe. Hospitali ya Kanisa Katoliki iliyopo Sumbawanga imepewa jina la Adrian Atiman, mtu aliyezaliwa karibu na mto Niger katika nchi inayoitwa sasa Mali, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika na kusomeshwa tiba kisiwani Malta, kisha akafika Karema, kwenye mwambao wa Tanganyika, mwaka 1889, na kutibu watu huko hadi alipofariki mwaka 1956. Maisha yake aliyasimulia katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1946. Mtu aliyetibu mahali pamoja kwa zaidi ya miaka 60 hupata ujuzi ambao hakuna maktaba inayoweza kuutoa. Hata hivyo ujuzi huo, kama wa matabibu wote wa zama zake, ulijengwa juu ya wagonjwa waliotibiwa, bila kundi la pembeni linaloonyesha nini kingetokea kama wasingetibiwa au kama wangetibiwa vingine. Hata Robert Koch, mwenye sifa kuliko wote, alipokuwa katika visiwa vya Sese nchini Uganda mwaka 1906 na 1907 akiwachoma wagonjwa wa malale sindano za atoksili, alishawishika na kutoweka kwa vimelea katika damu, tokeo la karibu lenye kufurahisha, kabla haijawa wazi kwamba ugonjwa ulikuwa ukirudi na kwamba dawa ilikuwa ikiwapofusha baadhi yao.

Hakuna mfano unaoonyesha thamani ya herufi hiyo kama jaribio la FEAST, lililoongozwa na Kathryn Maitland kutoka Kilifi na kufanyika katika hospitali sita: Kilifi nchini Kenya, Teule ya Muheza nchini Tanzania, na Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda. Watoto waliofikishwa wakiwa na homa kali na dalili kwamba damu haizunguki sawasawa mwilini, hali ambayo vitabu vilielekeza itibiwe kwa kuongezewa maji mengi ya dripu kwa haraka, waligawiwa kwa kura katika makundi matatu: waliopewa maji ya chumvi kwa haraka, waliopewa albumini kwa haraka, na wasiopewa dripu ya haraka bali maji ya kawaida ya kuwatunza. Jaribio lilisimamishwa mapema mwaka 2011 likiwa limefikisha watoto 3,141. Katika saa 48 za mwanzo, waliofariki walikuwa asilimia 10.6 katika kundi la albumini, asilimia 10.5 katika kundi la maji ya chumvi, na asilimia 7.3 katika kundi ambalo halikupewa dripu ya haraka.

Inafaa kuzitazama tarakimu hizo kwa kuliondoa kundi la tatu. Kama swali lingekuwa albumini au maji ya chumvi, jinsi ambavyo swali hilo lingeulizwa katika hospitali yenye pesa, jibu lingekuwa kwamba dawa mbili hizo ni sawa kabisa. Mwongozo ungependekeza maji ya chumvi kwa kuwa ni nafuu. Na kila mtu angerudi wodini akiwa ameridhika na ushahidi wake. Vifo vya ziada, zaidi ya vitatu kwa kila watoto 100, visingeonekana popote, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameandika katika nafasi ya ulinganisho maneno yanayomwia vigumu kila tabibu kuyaandika: kutofanya kile tulichozoea kufanya. Ni jambo la kufikirisha kwamba ulinganisho huo uliwezekana kimaadili kwa sababu hospitali nyingi za kanda hii zilikuwa haziitumii dripu ya haraka hata kabla ya jaribio. Uhaba, kwa mara hii moja, ulikuwa umehifadhi swali ambalo utajiri ulikwisha kulifunga.

Kuhusu tokeo, herufi ya nne, mkoa wa Rukwa, ambamo Ufipa imo, una sababu yake ya kuwa makini. Mkoa huu hutajwa kila msimu miongoni mwa maghala ya mahindi ya taifa, na papo hapo utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta kwamba asilimia 56 ya watoto wake wa chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka, kiwango kilichokuwa cha juu kuliko cha mkoa wowote. Mwaka 2022 kilikuwa kimeshuka hadi karibu asilimia 50, huku cha taifa kikiwa 30. Wapo wanaotaja vyoo na maji safi kuwa ndiyo njia ya kupunguza udumavu huo. Swali hilo limeulizwa kwa herufi nne magharibi mwa Kenya, katika vijiji vya Bungoma, Kakamega na Vihiga, kwenye jaribio ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018: maji, vyoo na kunawa mikono havikuongeza urefu wa watoto, ilhali virutubisho pamoja na ushauri wa lishe viliuongeza, japo kwa kiasi kidogo. Uchunguzi uliofuata wa kinyesi cha watoto haohao ulionyesha kwamba maji yaliyotibiwa yalikuwa yamepunguza minyoo ya askaris. Aliyechagua urefu kuwa tokeo angesema mradi wa maji umeshindwa, aliyechagua minyoo angesema umefaulu, na anayehesabu vyoo vilivyojengwa hasemi lolote kuhusu mtoto.

Mfumo wa PICO una mipaka ambayo watafiti wameitambua. Uchunguzi wa mwaka 2006 wa Huang, Lin na Demner-Fushman uligundua kwamba PICO hukaa vizuri zaidi kwenye maswali ya tiba kuliko yale ya chanzo cha ugonjwa, utambuzi wake au mwelekeo wake. Mwaka 2012 Cooke, Smith na Booth wakapendekeza mfumo mwingine, SPIDER, kwa ajili ya tafiti zinazosikiliza maelezo ya watu badala ya kuhesabu, na humo nafasi ya afua na ya ulinganisho zimeondolewa, kukawekwa kundi la watu, jambo wanalolipitia na namna wanavyolipima wenyewe. Ufipa ilikuwa imeonyesha haja ya mfumo wa namna hiyo mapema. Jina lenyewe la Sumbawanga, kama wengi wanavyolieleza, ni agizo kwa mgeni kwamba autupe uchawi. Na Roy Willis, mwanaanthropolojia wa Uingereza aliyefanya utafiti Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliandika mwaka 1968 kuhusu vuguvugu la kamchape, ambalo lilipita vijijini likiwataka watu wasalimishe dawa na hirizi zilizoshukiwa, kisha likiwapa dawa ya kinga. Mzazi anayeuliza kwa nini ni mwanawe na si wa jirani amekwisha kufanya ulinganisho wake, tena mkali, lakini anatafuta mtu pale ambapo tabibu anatafuta kitu, na PICO haina nafasi ya kumwandika mtu huyo. Kumwambia kwamba swali lake si la kisayansi ni kweli na hakusaidii, maana ataondoka nalo akalipeleke kwa atakayelijibu.

Kwa afisa tabibu wa zahanati ya Kalambo au Nkasi, mwenye foleni mlangoni na mtandao unaokuja na kupotea, herufi nne kama chombo cha kupekulia maktaba ni anasa, ingawa tangu mwaka 2002 mpango wa HINARI umezifungulia taasisi za nchi maskini majarida ambayo zamani yalikuwa ya kununua. Zinachomfaa zaidi ni kuusoma mwongozo kwa kurudi nyuma: kuuliza pendekezo lililo mbele yake lilipatikana kwa wagonjwa gani, likilinganishwa na nini, na likipimwa kwa tokeo lipi, na kama aliyeketi mbele yake anafanana nao.

Ugumu unabaki kwa mtoto ambaye hakai upande mmoja. Familia ya uwandani inayoteremka bondeni kwa msimu wa mpunga humchukua mtoto ambaye mwili wake haujazoea malaria, humlaza majuma kadhaa kwenye kibanda cha shambani, kisha humrudisha juu, ambako homa huanza baada ya mbu kuwa wamesahauliwa. Kadi yake ya kliniki imeandikwa kijiji cha mlimani, na kwa kadi hiyo yeye ni wa Sarlahi. Kwa damu yake huenda ni wa Pemba. Kabla ya chuma, kabla ya dripu, kabla hata ya kipimo, kuna swali ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeweza kuliuliza kwa maneno ya kawaida kabisa, akimwelekea mama: mmetoka wapi, na mtoto amelala wapi majuma haya matatu?